Kitanda cha Mwalimu

Juzi dukani mtu alifungua sabuni ya lavenda karibu nami, nikajikuta chumbani mwa Susu, nyanya yetu, kule Kathiani.

Humo mlikuwa na kitanda cha mwalimu Mzungu aliyekuja kujitolea shuleni kwetu, akakaa na Susu miaka miwili. Alipoondoka alisahau kipande cha sabuni ya lavenda. Susu alikiweka katikati ya shuka, akatukataza kugusa kitanda. Sisi wajukuu tulilala jikoni, juu ya magunia yaliyonuka moshi. Kila Krismasi barua yake ilikuja ikisema atarudi.

Akarudi kweli, pamoja na wenzake waliowahi kujitolea Ukambani. Susu alikuwa ameinjika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tangu alfajiri. Walionja vijiko viwili vitatu, wakapiga picha mlangoni.

"Shuka nimefua jana," Susu akamwambia. "Utalala kwako."

Mwalimu aliangalia gari. "Tunalala hoteli, Susu, kule Machakos. Wenzangu wananingoja."

"Haya, mwanangu. Barabara ni mbaya, muende kukiwa na mwanga."

Vumbi lilipotua tulimfuata Susu chumbani. Mdogo wangu akauliza kama sasa tunaweza kulala pale. Susu alichukua kile kipande cha sabuni, ambacho kilikuwa kimeishiwa na harufu siku nyingi, akakinusa kwa muda mrefu. Akakirudisha katikati ya shuka, akazinyoosha, kisha akatutuma tukatandike magunia.