Damu ya Juma Sefu

Siku ya kwanza nilipoingia maabara ya hospitali moja pale Mbeya, miaka ya hamsini, nilikuta watu wanne. Mzee Kheri, mtu wa Tanga, ndiye mpima damu. Nesi Atupele, mtoto wa mama yangu mdogo, ndiye aliyeniombea kazi. Juma Sefu, mwuza nyama sokoni, alikuja kupimwa kwa kuwa kifua kilimbana kila akipanda mlima. Na Tabia mkewe, jirani yangu. Mimi Sekela niliishia darasa la pili. Kazi yangu kuosha vichupa.

Damu ikitulia kwenye kichupa hujitenga: nyekundu inashuka, maji ya njano yanabaki juu. Ya Juma yalikuwa meupe.

"Sekela, hii damu au maziwa ya mgando?" Mzee Kheri akaniuliza. Akamgeukia Tabia. "Mama, nilisema aje na njaa. Amekula nini?"

"Supu ya kongoro, baba. Damu itoke kwenye tumbo tupu? Hata mbuzi anapewa majani kwanza!"

"Basi nimepima kongoro. Kesho asile."

Kesho yake maji yalikuwa ya njano safi, unaona kidole ng'ambo. Mzee Kheri akayafunga yapelekwe maabara kubwa Dar es Salaam, akasema tungoje barua. Mimi sikungoja. Jioni nilimkuta Tabia kisimani.

"Shoga, damu ya mumeo safi kabisa. Nimeiona mwenyewe."

Akapiga kigelegele. Juma akarudia supu yake ya miguu ya ng'ombe, na kubeba mapaja ya ng'ombe begani.

Barua ilikuja baada ya majuma matatu. Mzee Kheri alinifafanulia. Mafuta hayasafiri peke yake kwenye damu, hubebwa na protini. Yapo makubwa yatokayo kwenye chakula. Hayo hutia weupe, kisha hupita. Yapo madogo yabebayo lehemu, mafuta mazito kama nta; jicho haliyaoni, nayo ndiyo huganda ukutani mwa mshipa wa moyo mpaka njia izibe. Ya Juma yalikuwa mengi mno. Dawa ya siku zile ilikuwa kupumzika na kuacha mafuta.

"Nani alimwambia ni mzima?" Bwana Mganga Mkuu akauliza.

"Mimi, Bwana."

"Wewe uliajiriwa kuosha vichupa."

Hakunifukuza. Atupele akatumwa sokoni kumwita Juma, akarudi peke yake. Juma alikuwa ameanguka akafa asubuhi ile, paja likiwa begani.

Baadaye nilihamishiwa Iringa, nikafundishwa kupima, nikastaafu huko. Wasichana waliokuja chini yangu niliwakataza kusema jibu kabla karatasi haijasema.

Tabia hakuwahi kuniuliza kitu. Majina nayakumbuka yote. Maneno huenda nimeyachanganya. Wajukuu wa Tabia, mpo Mbeya: kama bibi yenu aliwasimulia kwamba pale kisimani nilimwambia angoje barua, nisahihisheni.