Mama Alivyotutafutia Mtaa

Krap! Hiyo sauti bado ninayo masikioni: kufuli likibanwa nje ya mlango wetu asubuhi, kisha ndala za Mama zikienda zake sokoni. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Enzi zetu, miaka ile ya tisini pale Migori, mama mwenye biashara na asiye na mtu wa kumwachia watoto alifunga mlango, basi. Haukuwa ukatili. Tulikuwa na uji kwenye thermosi, ndoo pembeni, na dirisha la mbao lenye ufa ambao mimi na mdogo wangu Owino tuliutumia kwa zamu. Jicho lake, jicho langu. Nje tuliona miguu ya watu tu, tukabahatisha ni ya nani.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, na mwenye ploti hakupenda kelele za watoto. Ukicheka sana, alitoka akauliza kama kuna harusi. Baba aliendesha lori la samaki kati ya Homa Bay na Migori. Mama alipika chai na mandazi, na siku za mnada wa ng'ombe alibeba sufuria zake hadi Ogwedhi, akarudi jioni ananukia moshi na vumbi la mifugo. Baba alikuwa Mjaluo, Mama Mkuria, kwa hivyo Kiswahili chetu cha nyumbani kila mtu alikitengeneza alivyoweza. Mimi nilikiona kitamu sana, na mpaka leo ndicho ninachoandikia.

Akiba yao ilipofika mahali pa kununua nyumba, Baba alitaka nyumba nzuri. Mama alitaka kitu kimoja tu, akakisema huku anakanda unga: "Nataka mahali nitaenda sokoni na watoto wangu wabaki nje."

Ya kwanza tuliiona Homa Bay. Jamani, ile nyumba! Vioo madirishani, dari nyeupe, mfereji wa maji hapo hapo uani, na ziwa likimetameta kule chini. Mimi nilishajichagulia chumba na ukuta wa kubandikia picha. Baba aligonga ukuta kama anayechagua tikitimaji, akacheka peke yake. Mama hakugonga chochote. Alisema tu, "Akoth, mchukue mdogo wako mkacheze huko nje."

Tukacheza. Mageti yote yalikuwa yamefungwa. Msichana mmoja alituchungulia, dada wa kazi akamvuta ndani. Owino akapanda lundo la mawe ya ujenzi, juu kabisa, anayumba. Mama mmoja mwenye mwavuli akapita, akamtazama, akaenda zake. Tuliporudi, Mama alitukagua nguo, magoti, mikono.

"Hamjachafuka," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa ripoti mbaya ya shule.

Ndani ya lori wakabishana njia yote. "Mama Akoth, tunanunua nyumba, hatununui majirani," Baba alisema.

"Nyumba nitaipaka rangi. Jirani nitampaka nini?"

Baba alicheka, lakini moyo wake ulibaki kwenye ule mfereji. Alikuwa amemwahidi mwenye nyumba jibu Jumapili.

Jumamosi Mama akatupeleka kuona nyumba nyingine, nje kidogo ya mji wa Migori, ng'ambo ya mto. Mwalimu mzee alikuwa anaiuza ili arudi kwao Lambwe akalime. Mabati yalikuwa yameiva kutu, mlango ulitaka bega ndipo ufunguke, na ua haukuwepo kabisa. Kuku wa jirani waliingia na kutoka kama wenye hati ya shamba. Baba alisonya. "Hii si nyumba. Hiki ni kibanda cha kuku waliosoma."

Mama akaniangalia. "Akoth, nendeni mkacheze."

Huko nje kulikuwa na watoto kama siafu, wanacheza kati, wa pembeni wanarusha na wa katikati wanakwepa, kwa mpira wa makaratasi ya nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyeniuliza jina. "Wewe ingia hapa katikati! Huyo mdogo hahesabiwi!" Nyinyi mliocheza kati mnajua raha yake: gauni limekunjwa ndani ya suruali ya ndani, mavumbi, koo limekauka, na hutaki hata kwenda kunywa maji. Nikasahau kama tulikuja kununua nyumba. Zamu yangu ya kurusha ilipofika nilirusha kwa nguvu zangu zote, mpira ukapita juu ya vichwa, ukatua katikati ya omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa kwenye wavu. Na mimi kwa ujinga wangu nikaufuata mbio. Nikaziparaganya zote mchangani.

Wale watoto walitoweka kama vifaranga walioona mwewe. Akatoka mama mnene, kanga kiunoni, sauti ya kuongoza kwaya. Baadaye nilikuja kumjua kama Min Awuor, yaani mama yake Awuor.

"Wewe! Wa nani wewe?"

"Wa... wa Mama."

"Kila mtu ni wa mama! Keti hapo. Okota moja moja, upepete mchanga. Na wewe Awuor, nakuona nyuma ya choo. Njoo umsaidie mwenzako! Ulikuwa unacheza na nani, na upepo?"

Tukaokota, mimi nalia, Awuor ananifinya chini chini. Tulipomaliza, Min Awuor alitunawisha mikono kwa nguvu kama anayesugua sufuria, akatuwekea nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, sinia moja sote. "Kuleni. Msije mkasema kwenu kwamba huku tunagombeza watu na kuwashindisha njaa."

Nilirudi kwa Mama peke yangu, nikiburuta miguu. Nilijua nimeiharibu nyumba. Nani angeuzia watu ambao mtoto wao anakanyaga kitoweo cha wenyewe? Na ule mtaa nilikuwa nimeshaupenda kuliko vioo vyote vya Homa Bay.

Mama akaninusa. "Nani amekupaka samaki?"

Nikaeleza yote, na kamasi juu.

"Unaona!" Baba akaruka. "Hata hatujahamia, mtoto ameshatukanwa!"

"Hajatukanwa, amegombezwa," Mama alisema. Akachuchumaa mbele yangu. "Alikugombeza peke yako?"

"Na Awuor wake."

"Halafu akakulisha?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mama akasimama, na uso wake, jamani, sijawahi kuuona umefunguka hivyo. Hapo Baba akageuka huku na huku. "Owino yuko wapi?"

Tulimkuta kwa Min Awuor, kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, amelala fofofo, amefunikwa kanga, nzi anafukuzwa na bibi mmoja ambaye hata hakutuuliza sisi ni nani. Baba alisimama akamtazama mwanawe. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi," akasema polepole, "mabati nitabadilisha mimi."

Siku hizi naishi Homa Bay, na mimi pia naota nyumba yangu. Madalali wananionyesha mitaa inayofaa familia: kamera getini, mlinzi, barabara ya pevingi. Watoto wa humo ni wazuri, wananukia sabuni, lakini wanacheza kwa miadi. Mmoja akianguka anatafuta simu kwanza. Ukimgombeza wa mwenzio, kabla ya jioni umeanikwa kwenye grupu la wazazi. Sicheki sana, maana hata mimi nautaka ule mfereji uani. Ila dalali hajawahi kuniambia ni nani atakayemwambia mwanangu ashuke kutoka juu ya mawe.

Asubuhi yetu ya kwanza ng'ambo ya mto niliamka kabla ya wote. Mama alikuwa bado amelala katikati ya mizigo. Nikausukuma mlango kwa bega, nikachukua ufagio wa vijiti, nikaanza kufagia uwanja wetu. Nilipofika mbali kidogo nikasimama, nikatafuta mpaka wetu na jirani. Sikuuona. Nikainama tena, nikaendelea kufagia.