Tonge Lililokwama

Watu wa mtaani walimwita Mama Vyura, naye hakukasirika. Kuna waliopewa majina mabaya zaidi kwa kazi safi zaidi. Kazi yake ilikuwa kulisha vyura katika kituo cha utafiti kando ya kinamasi. Waliishi kwenye matangi ya kioo, wakubwa mbali na wadogo, kwa sababu chura mkubwa hana udugu: kinachoenea mdomoni mwake ni chakula, hata kiwe mpwa wake.

Aliwajua tabia zao. Wale wembamba wa kwenye matete walirukia nzi hewani. Wanene wenye vipele walikaa kitako wakisubiri mchwa wapite, ulimi ukatoka na kurudi kufumba na kufumbua, kisha wakafumba macho kumeza, maana macho yenyewe huzama ndani na kusukuma chakula kooni. Lakini karibu wote walifanana kwa jambo moja: kisichotikisika hawakitambui. Mrundikie chura panzi waliokufa, atashinda na njaa katikati ya karamu. Kwa hiyo Mama Vyura alimshika mdudu kwa kibano na kumchezesha mbele yao, polepole, mpaka chura akageuka.

Nyumbani alikuwa na mtihani mwingine. Mama yake mzazi, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mume, hakuwa akila. Kila asubuhi binti alimpelekea sahani chumbani, akaifunika vizuri, akakimbilia kazini. Jioni aliikuta vilevile. Mama alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, na daktari alisema haoni ugonjwa. Binti aliogopa, tena aliogopa sana. Baba alikuwa amezikwa juzijuzi tu, na moyo wa kuzika tena hakuwa nao.

Ndipo kazi ikampanda kichwani. Siku moja ya mapumziko alikaa kitandani kwa mama yake, akachota wali kwa kijiko, akaanza kukichezesha mbele ya uso wake, kushoto, kulia, polepole.

Mama alikitazama kijiko. Kisha akamtazama mwenye kijiko.

"Unafanya nini?"

"Nakulisha, mama."

"Ndivyo unavyowalisha wale vyura wako?"

Binti akashusha kijiko, aibu imemjaa. Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, halafu kicheko kikaisha.

"Chura anakula peke yake, hana habari. Mimi na baba yako tulikula sahani moja tangu tuoane. Wewe unaiweka hapa, unaondoka. Nikiitazama naona upande wa baba yako tu. Tonge linakwama."

Binti alijua ulaji wa kila kiumbe tangini, na wa mama aliyemnyonyesha hakuwa ameuliza.

"Na wewe unakula wapi?" mama akauliza.

"Jikoni, nimesimama. Nikipata nafasi."

"Leo umekula?"

Hakuwa amekula. Hata jana hakuikumbuka vizuri. Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza swali hilo, wala yeye hakujiuliza. Machozi yakamtoka kama mtoto.

Mama akamnyang'anya kijiko, akakiweka kando. Akanawa mikono kwenye beseni, akavuta sahani katikati yao, akafinyanga tonge na kulipeleka mdomoni mwa binti yake.

"Kula," alisema. "Ukila, na mimi nitakula."