Shangazi Asiyetoka Nje

Mke wangu alipokwenda Salamabila aliniachia wavulana wetu wawili na sharti moja. Sharti alilitoa mbele ya kaka yake, ili liwe na shahidi.

"Watoto nakuachia weye," alisema. "Lakini siku mwanamke mwingine atapika mu jiko langu, watakwenda kwa nyanya yao kule Kabambare, na hutawafuata."

Kaka yake akaitikia. Mimi pia nikaitikia, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, goti limefungwa kitambaa, kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi. Akapanda nyuma ya pikipiki na furushi lake la vitenge vya kuuza, akaenda.

Kabla ya hapo mwenye kuondoka nilikuwa mimi. Miaka kumi na miwili nilisukuma kinga, ile baiskeli yetu ya mizigo, kutoka Kasongo kupita Lusangi na Kabambare mpaka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Nilipeleka mawese na mchele, nikarudi na sabuni, nguo na habari za watu. Sekondari niliimaliza, na wenzangu watatu wa darasa lile ni walimu hadi leo, lakini mimi nikikaa mahali pamoja mwezi mzima miguu huniwasha. Watoto wote wawili walizaliwa nikiwa njiani. Mkubwa nilimkuta ana siku tisa. Mdogo nilimkuta anakaa mwenyewe bila kushikwa, akaniona, akalia.

Kisha siku moja, kwenye mteremko baada ya Lusangi, baiskeli ilinishinda, na bidoni mbili za mawese zikaniangukia gotini. Nilirudishwa nyumbani nyuma ya pikipiki ya mtu kama gunia. Mke wangu alinikanda goti kwa maji ya moto wiki mbili. Wiki ya tatu akasema, "Sasa ni zamu yangu."

Mkubwa alikuwa na miaka sita, mdogo anaingia minne.

Mwezi wa kwanza mdogo aliniuliza kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso:

"Baba, leo unaenda?"

"Siendi."

"Na kesho?"

"Hata kesho."

Alilitazama goti langu, akautazama mlango, kisha akaenda zake kucheza. Hakuwa akiniomba nibaki. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama mvua itanyesha.

Walikuwa na maisha yao, wale wawili. Walikuwa na mchezo wa vifuniko vya chupa na ndala moja iliyokatika, na kanuni zake sikuzijua. Nikikaribia walinyamaza. Si kwa ubaya. Walinyamaza tu, kama watu wanaosubiri mgeni apite ndipo waendelee na maneno yao. Mkubwa alimwogesha mdogo katika beseni kabla sijafikiria kwamba ni wakati wa kuoga. Alijua chumvi ilipo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza: kijiko kikubwa kiko wapi, shati la masomo linaanikwa upande gani ili lisiibwe.

Wanaume wenzangu nilikutana nao Ijumaa, baada ya sala, barazani karibu na msikiti. Waliniuliza habari za njia, daraja gani limekatika, bei ya chumvi Kabambare, na mimi sikuwa na njia tena ya kusimulia. Nilikaa kidogo, nikakumbuka sufuria niliyoiacha motoni, nikaaga. Wanawake wa mtaa nao hawakukaa kuzungumza na mwanamume ambaye mke wake yuko safarini, na walikuwa na haki. Kwa hiyo siku zilipita bila mtu mzima kuniambia zaidi ya salamu. Jioni nilikwenda hadi mwisho wa mji, pale njia ya Kabambare inapoanzia, nikatazama pikipiki zikiondoka na mizigo imefungwa kwa kamba za mpira. Nikinusa vumbi lile na petroli, moyo uliniuma kama wa mtu aliyefiwa. Kisha nilirudi kuwasha makala, yale makaa ya kupikia.

Kupika hakukunisumbua. Kwenye machimbo wanaume wote hupika, na bugali wangu ulisifiwa na watu waliokula bugali wa mikono mingi. Tatizo lilikuwa sombe. Majani ya muhogo yanataka kutwangwa, na ile ya sokoni ilitwangwa haraka haraka, ina nyuzi. Mdogo nyuzi zilimkaba kooni, akatapika mara mbili, mara ya tatu akafunga mdomo kabisa. "Mama anatwanga mpaka inakuwa laini," mkubwa alinieleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo hata kuku wanalijua.

Mwanamume akipika, watu wanasema ana shida. Mwanamume akisimama uani na mchi mkononi, watoto wa mtaa mzima wanakuja kutazama. Nikaingiza kinu ndani ya nyumba, nikafunga mlango na dirisha, nikavua shati, nikajifunga kitenge cha mke wangu kiunoni ili suruali isiingie madoa, nikaanza kutwanga. Nilisahau kwamba kinu hakifichiki. Kinasikika nyumba ya nne.

Mama jirani, yule anayeuza mandazi, alikuwa wa kwanza kuja. Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini.

"Hodi humo! Nani anatwanga?"

Mtoto hakufikiri hata kidogo. "Shangazi."

"Shangazi gani tena?"

"Wa Kindu."

"Basi mwambie atoke tusalimiane."

"Iko na haya."

"Haya! Na anatwanga kama anaua nyoka. Mwambie mchi haukamatwi hivyo."

Mimi nilisimama ndani, mchi umeinuliwa hewani, sipumui. Alipoondoka mkubwa alichungulia mlangoni, akaniona nilivyo, mwenye jasho na kitenge na majani kwenye ndevu, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kwa sababu yangu. Mdogo akaja mbio aone kuna nini, akacheka naye mpaka akakaa chini. Sote watatu tulicheka tumeziba midomo kwa mikono.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilijua ninakosea. Ningemwambia mtoto aache uongo. Lakini ule uongo ulikuwa kitu cha kwanza tulichokuwa nacho pamoja. Kila nilipotwanga mkubwa alikwenda kukaa kizingitini bila kuambiwa, na shangazi akaendelea kukua. Shangazi aliumwa jino. Shangazi alifunga Jumatatu na Alhamisi. Siku moja mama jirani aliuliza kama shangazi huyo ni mnene au mwembamba, na mdogo akawahi kujibu:

"Shangazi yetu iko na ndevu!"

Mama jirani alicheka, akampa andazi, akaenda. Utoto, alidhani. Jioni ile mdogo alikaa karibu yangu wakati wa kula, bega lake kwenye ubavu wangu, akamaliza sombe yote. Ilikuwa mwezi wa tano tangu mama yao aende. Sikumbuki ni lini aliacha kuniuliza kama ninaondoka.

Mke wangu alikuwa akipiga simu kila Jumapili, nami nilipanda kwenye kilima kidogo nyuma ya shule ili nipate rezo, mtandao wa simu. Jumapili moja hakupiga. Ya pili pia, na ya tatu. Nilidhani simu yake imeharibika. Sikuwaza kabisa kwamba waendesha pikipiki wanaobeba mawese hubeba na maneno, na kwamba huko Salamabila watu walikuwa wakimpa pole: mume wako ameleta mwanamke nyumbani, tena amemfungia ndani, watoto wamefundishwa kumwita shangazi.

Walikuja Alhamisi mchana, yeye na kaka yake. Nilikuwa ninatwanga, kwa hiyo pikipiki sikuisikia. Nilisikia sauti yake, karibu kabisa na mlango.

"Nani anatwanga?"

Mtoto wangu alikuwa hajamwona mama yake miezi minane. Angemrukia shingoni. Badala yake nilisikia akijibu, kwa sauti ndogo, kama kitu kilichomtoka chenyewe:

"Ni shangazi."

Mlango ulifunguka kwa teke. Shemeji aliingia kwanza, akanipita, akaingia chumbani, nikasikia anasogeza kitanda. Akatoka na kofia imemwendea upande.

"Hakuna mutu."

"Mwanamke yuko wapi?" mke wangu aliniuliza.

"Ni miye."

"Nakuuliza mwanamke!"

"Ndiyo huyo. Ni miye ninayetwanga. Hakuna mwingine."

Alitazama kitenge chake kiunoni mwangu. Shemeji alifikiri kidogo, kisha akashika kinu, akakiburuta hadi uani mbele ya watu waliokwisha kujaa. "Basi twanga tuone," alisema.

Wavulana walisimama karibu na ukuta, mkubwa amemshika mdogo mkono. Walimtazama kila mtu aliyekuwa pale kana kwamba ndiye atakayewapeleka kwa nyanya yao Kabambare, kwa sababu sharti lile walilijua, walikuwapo lilipotolewa. Nikainua mchi. Nilitwanga mchana kweupe, goti likiuma, watoto wa mtaa wakipiga makofi kila mchi ulipogonga ukingo wa kinu.

"Yoo!" mama jirani alipiga kelele. "Ni yeye! Ni huyu muua nyoka! Shangazi mwenye ndevu!"

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Bwana mkubwa," alisema, "weye uliyevuka mito yote hii, unaogopa majani ya muhogo?" Watu wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa faraja, nikageuka nimtazame mke wangu.

Hakuwa akicheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, analia bila sauti.

Watu walipoondoka, na shemeji alipokwenda kuwanunulia watoto biskuti, nilikaa mbele yake. Nilidhani analia kwa aibu ya kuwaamini watu. Nikaanza kumwambia si kitu.

"Nilitaka iwe kweli," alisema.

Sikuelewa.

"Njia nzima nilikuwa ninaomba iwe kweli. Ningekukuta na mwanamke, ningechukua watoto, na kosa lingekuwa lako. Ningerudi kule bila mutu kuniuliza kitu." Alifuta uso kwa ukingo wa kitenge. "Kule niko na chumba. Nikiamka asubuhi simngoji mutu. Miaka kumi na miwili nilikungoja, Baba watoto. Kila kinga ikipita nilitoka mlangoni. Sasa weye umekuwa mutu wa nyumbani, na miye sina tena hamu ya nyumba."

"Nilidhani utarudi," nilisema.

"Miye pia nilidhani."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Hasira ningeijibu. Nilitaka kumwambia kwamba ninajua sasa kungoja kulivyo, lakini nilikuwa nimemngojea miezi minane tu, na yeye alijua kuhesabu.

Shemeji aliporudi, alimwambia dada yake waziwazi, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta: "Sharti ulilitoa weye, na mbele yangu. Hakuna mwanamke aliyepika hapa."

"Najua," alisema. "Sikuja kuvunja neno langu. Watabaki." Kisha akaongeza, "Likizo watakuja kunitembelea."

Hivyo watoto walibaki kwangu. Nilipata nilichokuwa nikiogopa kukipoteza, na nilikipata siku ile ile niliyompoteza yeye. Miaka mitatu imepita. Goti limepona. Bado jioni nyingine nakwenda hadi mwisho wa mji, nasimama pale njia ya Kabambare inapoanzia, miguu inawasha kama zamani, na wakati wa kupika ukifika ninageuka.

Asubuhi ile mke wangu alipoondoka kurudi Salamabila alikuwa amefunga furushi mapema. Pikipiki ilikuwa inanguruma, dereva anatazama mawingu. Aliwakumbatia watoto kwa muda mrefu, kisha akanijia, akaanza kunieleza, haraka, akihesabu kwa vidole.

"Mdogo hali samaki mwenye kichwa. Kitoe kwanza, asikione. Mkubwa anaogopa radi, mvua ikija usimwache peke yake. Mdogo akilala mshike sikio, la sivyo hatalala. Na chai usimpe mkubwa jioni, atakojoa."

Yote yalikuwa ya kweli siku alipotuacha mara ya kwanza. Sasa mdogo alikuwa akipigania kichwa cha samaki na kaka yake, na ananyonya macho kwanza. Mkubwa, mvua ikianza, alikuwa wa kwanza kutoka kwenda kuoga chini ya mfereji wa mabati. Mdogo alilala mwenyewe, mdomo wazi, popote. Na chai walikunywa wote jioni, vikombe viwili viwili, na kitanda kilikuwa kikavu tangu mwezi wa tatu wa safari yake.

Mkubwa alifungua mdomo. "Lakini Mama, sasa yeye..."

Niliweka mkono begani mwake, nikambana kidogo. Akanitazama.

"Ndiyo," nilimwambia mama yake. "Ndiyo. Na la samaki ulisemaje?"

Akanirudia tangu mwanzo, polepole, ili nisisahau.