Meza Iliyopimwa kwa Kamba

Gerson alikuwa seremala Mtendeni, mjini Tabora, miaka mingi kabla Egidi hajahamia nyumba ya jirani. Viti vyake vilikuwa sebuleni mwa watu wengi, na hakuna aliyewahi kuuliza anavitengenezea juu ya nini. Alivitengenezea juu ya meza kuukuu ya kulia chakula, katika chumba cha uani. Ukipiga randa, ile meza ilitembea. Gerson aliirudisha ukutani kwa goti, akaendelea.

Kisha akaja Egidi, mzaliwa wa Ulyankulu, mfupi, mpole, mdogo kwa Gerson kwa miaka zaidi ya kumi. Jambo la kwanza alilofanya ni kujitengenezea meza ya kazi ya mbao ngumu ya mkurungu, ndefu, yenye miguu minene na jiliwa la chuma la kubania mbao. Watu walikwenda kuitazama kama wanavyokwenda kutazama mtoto mchanga. Hata Apolinaria, mke wa Gerson, alikwenda.

"Nimeisukuma kwa mikono miwili, baba Levina. Haitikisiki!"

"Kwani ni ng'ombe, hata uisukume?" Gerson akajibu, na chakula cha mchana hakukimaliza.

Lililomchoma zaidi lilikuja Jumapili. Kanisa lao la Moraviani lilitaka milango mipya. Gerson aliimba besi katika kwaya ya kanisa hilo tangu ujana wake, akajua kazi ni yake. Baada ya ibada alimfuata Mzee Lugembe, mmoja wa wazee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Gerson. Ile milango tumempa jirani yako. Mlango unataka meza ndefu isiyocheza, na yule kijana anayo."

"Yule ni Mkatoliki, mzee."

"Mlango hausali," akasema Lugembe, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Gerson aliisikia randa ya Egidi ng'ambo ya ukuta hata ilipokuwa imenyamaza. Akijaribu kusinzia mchana, aliiona ile meza. Hakuionea wivu mikono ya Egidi, maana aliamini yake ni mizuri zaidi. Alijiambia kwamba siri yote imo ndani ya ile meza, na kwamba akiwa na kama ile, Egidi hatabaki na kitu.

Haukupita muda mrefu, Egidi akafiwa na baba mkubwa. Yeye na mkewe Esperansi wakasafiri kwenda Ulyankulu kuzika, na ufunguo wa nyumba wakamwachia Apolinaria awalishe kuku. Apolinaria alipokwenda sokoni, Gerson aliutoa ufunguo kwenye msumari, akaingia uani kwa jirani.

Alikuwa na futi mfukoni, lakini hakuitoa. Alipimia kamba ya katani, akaifunga fundo penye urefu, fundo penye upana, fundo penye kimo. Kwake, kuitoa futi kungemfanya mwizi. Kamba ilikuwa kamba tu. Jiliwa alilikuta upande wa kulia, ilhali yeye alifundishwa kuliweka kushoto. Akalitazama sana. "Kumbe ni hapa," akanong'ona.

Alijenga haraka. Mbao alizotumia zilikuwa za mninga, alizozikausha kwa ajili ya kitanda cha arusi cha binti yake Levina. Apolinaria alipoona zimekatwa, alisimama mlangoni na ungo mkononi.

"Umemkata mwanao, Gerson."

Hakumwita baba Levina. Gerson akaendelea na msumeno.

Meza ikaisha, na haikutikisika. Lakini kila alipopiga randa ilimbidi ainame kama mtu anayepalilia karanga, na jioni alijinyoosha kwa kushika fremu ya mlango. Jiliwa lilikuwa daima upande usiofaa, ubao ukimteleza kila aliposukuma. Tena meza ilikuwa ndefu mno kwa kile chumba. Alipotaka kugeuza ubao, alitoka nao nje kwanza. Siku zikapita. Hakumwambia mtu. Alimlaumu Egidi, kana kwamba amemfanyia hila.

Egidi aliporudi kutoka msibani, alikuja kushukuru kwa kuku. Alimkuta Gerson ameinama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa." Egidi akaiona meza. Akaitazama kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na mwingine. Akapitisha mkono kwenye jiliwa, akatazama mkono wa Gerson ulioshika randa.

"Kaka, wewe unatumia mkono wa kulia."

"Ndiyo."

"Mimi ni mashoto. Ndiyo maana langu liko huku."

Gerson akaiweka randa chini. "Nilipima kwa kamba," akasema.

"Ungeniuliza tu, ningekuambia." Egidi akatoa futi mfukoni. "Simama wima. Iache mikono ining'inie."

Gerson, mtu mrefu kuliko wote katika kwaya, akasimama katikati ya chumba chake kama mtoto anayepimwa sare. Egidi akaweka futi sakafuni, akaipandisha hadi kwenye kifundo cha mkono. "Meza ya kupigia randa huishia hapa. Hii ni ya kimo changu mimi." Tofauti ilikuwa inchi tano.

Walifanya kazi hadi jua likaelekea kuzama. Wakaunga vipande vya mkurungu vya Egidi chini ya miguu ya meza, wakahamisha jiliwa, wakapunguza urefu hadi Gerson akaweza kuzunguka na ubao. Kipande kilichokatwa hakikufaa tena kitanda cha Levina. Muda wote Gerson alingoja Egidi akasirike, aseme neno moja la kumtukana, wawe sawa. Egidi hakusema. Basi Gerson akamwonea wivu kwa huo upole, zaidi hata ya alivyoionea ile meza.

Asubuhi alisimama wima, mgongo haukumuuma, na maranda yakatoka marefu, laini. Apolinaria alileta chai, akaiweka, akatoka. Ng'ambo ya ukuta randa ya Egidi ikaanza. Gerson akasikiliza kidogo, akashika yake, akaharakisha.