Filamu ya Wafuga Nyuki

Firmin Chassaing, mwenye bucha ya karibu na kanisa kule Ambert, mji mdogo wa Ufaransa, hakuwa mtu wa sinema. Jumapili ile mvua ndiyo iliyomsukuma ndani, na picha ya mizinga pale mlangoni ikamfanya adhani ataonyeshwa mambo ya asali.

Asali ilikuwepo, lakini kidogo. Filamu ilihusu vijana wawili wa kiume waliokodi shamba, wakafuga nyuki, wakapendana. Hawakusema mengi. Mmoja alimchomoa mwenzake mwiba wa nyuki shingoni, akauacha mkono wake pale. Basi. Firmin, mtu mzima anayekaribia sitini, akajikuta anatabasamu gizani kama mwehu.

Alitoka amelewa bila kunywa. Kesho yake akarudi kuitazama tena. Jumanne akamfungia bibi mmoja soseji badala ya maini, huku anaimba.

Anselme, aliyekuwa tarishi wa posta na mwenzake katika ule mchezo wa wazee wa kurusha matufe ya chuma uwanjani kila alasiri, akamkodolea macho. "Una homa wewe?"

"Sina. Twende sinema."

"Kuna nini?"

"Nyuki."

"Mimi niache na nyuki. Wameniuma vya kutosha nikipeleka barua."

"Hawa hawaumi, bwana. Twende."

Wakaenda. Firmin hakuitazama filamu, alimtazama Anselme. Ilipofika pale pa shingoni, Anselme akaacha kutafuna peremende.

Nje jua lilikuwa linawaka. Wakatembea mpaka mbele ya duka la mikate.

"Hao nyuki wako," Anselme akasema, "wana mambo."

"Umewapenda?"

"Nimewaonea wivu. Mimi ningeutoa mkono upesi, nikasingizia baridi."

"Na sasa je?"

"Sasa nina kitambi na goti bovu."

"Sikuulizia goti."

Anselme akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauachia ukuta, akamshika Firmin mkono, mchana kweupe. Moyo wa Firmin ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

Mireille muuza mikate akachungulia dirishani. "Kwani ndiyo mnaanza leo?" akauliza. "Mimi nilidhani mlianza zamani."

Wakatazamana, wakaangua kicheko kama watoto waliofumaniwa kwenye sukari.

Filamu ilipoondolewa mjini, Anselme alikwisha kuhamia kwa Firmin, ghorofani juu ya bucha, yeye na redio yake inayokoroma.