Jibu Nililompa Mama

Leo jirani anachemsha sabuni ya mawese, na harufu yake imenirudisha Kasenga, kwenye nyumba ya kanisa walikokaa watu waliojaribu kuacha pombe kali ya kanyanga. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Jumapili moja baada ya ibada, nyanya yangu alinipeleka kumwona. Tulimkuta anakata sabuni, na mikono yake haikutetemeka tena.

Mchungaji alituambia, "Sasa iko muzuri. Kama munakubali, arudi nyumbani leo."

Nyanya aliniinamia. "Weye unasema nini?"

Nilikumbuka kilio cha mdogo wangu siku mama alipomwangusha kwa ulevi. Nikasema, "Abakiye kwanza."

Mama hakukasirika. Alinipangusa kamasi kwa kitenge chake, akasema polepole, "Haiko kosa yako. Minye niko najua kitu nilifanya."

Juma lililofuata nilimwomba nyanya twende kumchukua. Tulikuta kitanda chake kimetandikwa vizuri. Mchungaji alisema mama ametoka asubuhi bila kuaga. Nyanya alimtafuta mpaka mtaa wa Mulongwe, asimpate. Mimi nilibaki nimeketi kitandani pale, nimepakata viatu nilivyomletea ili arudi navyo nyumbani.